Siku Marehemu Mzee Wangu Alipoongea Juu ya Paa la Jiko

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo. Mpaka leo nikipita sokoni Lodwar na kikapu changu kichwani, hakosi mtu wa kuniita kutoka kivulini, "Ata, leo mahindi yanatoka saa ngapi?" na wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, kwa sababu nitafanya nini, kosa lilikuwa langu na hakuna aliyenishika mkono. (Ata ni bibi, kwetu. Siku hizi hata watu wenye mvi zao wananiita Ata wa Mahindi, na mahindi yenyewe sikuwahi kuwa nayo.)

Ilikuwa ule wakati watu wanajiandaa kwa uchaguzi wa elfu mbili na kumi na tatu. Gari za wagombea zilipita na honi za kipaza sauti juu, zikitaja majina ya watu na kurusha fulana, na lori la chakula cha msaada likija nalo lilikuwa na honi yake, na watu wa chanjo ya watoto walikuwa na yao. Kwetu Nawoitorong, hapa Lodwar, honi ikilia mtu haulizi, anatafuta gunia kwanza, maswali atauliza akiwa kwenye foleni. Hilo nalijua sana, hata mimi gunia langu hukaa karibu na mlango. Sasa lilinitoka vipi kichwani siku hiyo moja, mkijua mniambie.

Mambo yalianza na Akiru. Akiru ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Nakwawi, Nakwawi alipofariki nilibaki naye, nikamlea kwa kusuka vikapu vya majani ya mikoma, akasoma mpaka akamaliza kidato cha nne (mimi nilisoma mpaka pale pa kuandika jina, halafu masomo ya jioni ya kanisa, ndiyo haya mnayoyaona). Akapata kijana, Ekal, wa watu wa Lopur kule karibu na Kakuma, kijana mtulivu, anakuja anasalimu "Ejok, Ata," anakaa chini bila kungoja kiti, nikasema huyu mama yake Asekon alimfunza. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kuongea upande wao alikuwa baba yake mdogo, Mzee Lomuria, na huyo Lomuria alikuwa na ngamia wengi na maneno machache.

Akatuma habari kwamba watakuja kuongea mahari. Halafu akaongeza neno moja, ambalo Ekal alinifikishia akiangalia vidole vya miguu yake.

"Ata, Mzee anauliza, kwa nyumba yako nani ataanza agata?"

Agata ni baraka yetu. Mzee anasimama anaita, watu wanajibu pamoja, mabaya yanafukuzwa, mvua na mifugo inaitwa, na bila hiyo maneno ya mahari hayana miguu. Mwenye boma ndiye anayeanza. Mwenye boma langu, mume wangu Lokwang, alikuwa amelala kaburini Kerio kando ya wazazi wake, na ndugu zake, Ebei na Losike, walikuwa wamemfuata. Pengine Lomuria hakuuliza vibaya. Lakini nilivyosikia mimi ni hivi: nyumba yako haina mdomo, na msichana wa nyumba isiyo na mdomo anaolewa kama mtu aliyeokotwa njiani.

Na mdomo ulikuwepo! Ulikuwa kwenye kanda. Lokwang kifua kilipoanza kumkaba, alimwita katekista Ewoi aje na kinasa sauti chake, akaketi akatoa agata nzima ya kumtoa Akiru, Akiru mwenyewe akiwa bado anacheza na mawe, akaniambia, "Weka hii. Siku yake ikifika wasiseme nyumba hii imenyamaza." Niliifunga kwa kitambaa nikaiweka kwenye sanduku langu la nguo. Sasa siku imefika, na mimi nikajiapia kwamba Lomuria atamsikia Lokwang kwa masikio yake mwenyewe.

Shida ilikuwa redio. Redio yangu ya kanda ilikuwa nzee kama mimi, na Lokwang akiongea humo ndani ilikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi halafu akawekwa kwenye mtungi. Nikaanza kutafuta dawa. Niliiweka ndani ya sufuria kubwa ili sauti ipate tumbo, ikatoka sauti ya sufuria. Nikaitandikia ngozi ya mbuzi, ikawa ya blanketi mbili. Nikaiweka dirishani, pale walau nilisikia neno "mvua", lakini na mbuzi wa jirani nao nikawasikia.

Jirani yangu Mama Wanjala (mume wake ni mtu wa ofisi ya serikali, walitoka upande wa Bungoma, mama mwema anayependa kushauri) akanikuta nimeinama kichwa kiko ndani ya sufuria.

"Ata, umepoteza nini humo?"

"Namsikiliza mzee."

Akasogea nyuma, nadhani aliniogopa. Nilipomweleza akasema, "Ah! Hiyo redio haina nguvu, inataka amplifaya. Baba Wanjala anayo kwa nyumba, unaunganisha redio huku, spika huku, mtu akiongea ni kama amekaa kwa kiti hapo."

Kama amekaa kwa kiti hapo. Hayo maneno yakaniingia, usingizi ukanitoka, na nilipopata lori la kwenda Kakuma nikapanda na kanda yangu kifuani.

Kakuma nilikuwa na mtu wangu, Deng, kijana mrefu wa Sudan Kusini anayekaa kambi ya wakimbizi, anauza na kutengeneza redio, Jumapili anaimba kwaya. Tulijuana zamani nikiuza vikapu karibu na kibanda chake. Nikamweleza yote, habari ya Lokwang, ya Akiru, ya Lomuria, akasikiliza vizuri akiwa ameshika bisibisi, halafu akauliza, "Haboba, nyumba yako ni kubwa namna gani?" (Haboba ndiyo Ata ya kwao.)

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu amekuja kununua mbuzi, unamuuliza ukubwa wa boma lake?

"Nyumba ni nyumba," nikasema. "Nionyeshe mashine."

Akatoa amplifaya moja ndogo, nyembamba, na spika mbili za maboksi ya mbao, akasema hii ndiyo ya nyumba. Akaunganisha, akatia kanda. Na sasa niseme ukweli mbele yenu: Lokwang alitoka mle kwenye boksi akiwa Lokwang. Sauti haikuwa kubwa. Lakini kabla ya neno lolote alikohoa, kale kakohozi kake ka kukwaruza, ambako redio yangu haikuwahi kunipa, na mimi nikageuka nyuma kumtafuta. Nilijishika kwenye meza ya Deng. Kama ningekuwa mtu mwenye akili ningelipa hapo hapo nikaenda zangu.

Lakini mimi nimekulia kwenye mnada wa mbuzi. Mnadani muuzaji akikusukumia mbuzi mmoja kwa maneno matamu, akisema huyu ndiye wako huyu, ujue yule mzuri amemficha nyuma. Nikachungulia nyuma ya Deng. Kweli bwana! Chini ya meza palikuwa na mashine nyingine, nyeusi, pana kama jiwe la kusagia, na vifundo vya kuzungusha mbele kama chuchu za nguruwe.

"Na hiyo?"

"Hiyo si ya wewe, Haboba. Hiyo ya kanisa, ya mkutano, inakula betri ya gari. Inataka honi, ile ya chuma. Ya nje."

"Inashinda hii ndogo kwa nguvu?"

"Inashinda sana, lakini..."

"Ilete."

Nikaipima vile nilivyofundishwa na mama yangu kupima dume. Niliinyanyua, mgongo ukalia, nikasema huyu ana nyama. Nikaitazama chini. Nikaipapasa ubavuni. Ile ndogo niliinyanyua kwa mkono mmoja, ikaja kama kifaranga. Deng akaanza kuniambia mambo ya wati na ohomu, kwamba amplifaya na spika lazima vifuatane kama mguu na kiatu, kwamba nguvu nyingi si sauti nzuri, kwamba maboksi niyaweke juu ya viti vigumu, yasiguse ukuta, nyaya zikazwe, na redio nisiifungue mpaka mwisho kwa sababu sauti ikinyongwa inapasuka. Niliitikia "ndiyo, ndiyo," huku nikimwambia moyoni, ongea tu, mwanangu, dume nimeshaliona.

Akaunganisha honi ya chuma, yenye mdomo kama ua la boga, akaielekeza nje, na Lokwang aliposema neno moja tu, soko zima likageuka. Mwanamke wa Kisomali aliyekuwa anapima sukari aliimwaga. Nikawaza, Lomuria akisikia hivi, atajua hii nyumba ina mdomo.

"Haboba," Deng akasema, na alikuwa ameshika kichwa, "ndani ya nyumba hii itakuua."

"Mimi nimezeeka, itaniua na nini kilichobaki?"

Akafunga mzigo. Lakini akanisindikiza mpaka kwenye lori akirudia, "Ukishindwa, rudisha. Umesikia? Rudisha." Nikaona, ah, tayari anamjutia dume wake.

Fedha ya vikapu iliishia kwenye mashine na betri ya gari. Mawe mapya ya redio, zile betri ndogo, sikununua, yale ya zamani niliyaanika juani kama tunavyofanya siku zote, yakipata joto yanafufuka kidogo. Hilo mlikumbuke.

Asubuhi ya wageni nikaijaribu chumbani. Mimi nilidhani paa limeng'oka. Kuku aliyekuwa analalia mayai chini ya kitanda akapita juu ya kichwa changu, kikombe cha chai kikaanguka, na Akiru akaingia amejaa unga mikononi, akipiga kelele, sikusikia hata moja alilosema, niliona mdomo tu.

Nilipoizima akasema, "Ata! Haki ya Mungu, wazee wa Lopur watakufa humu!"

Nikafikiri. Kurudi Kakuma haikuwezekana, wageni walikuwa njiani. Nikasema, sauti ni kama moshi, ikizidi ndani unaitoa nje, kidogo itakayorudi dirishani ndiyo itakuwa saizi ya wazee. Nikamwambia Akiru afunge honi juu ya paa la jiko, imeangalia nje, isiwapige watu masikioni. Akiru akaipokea honi. "Ata, una uhakika?" Nikasema ninao. (Sikuwa nao. Lakini mtu aliyebeba jiwe kutoka Kakuma mpaka Lodwar lazima awe na uhakika.)

Wageni wakafika jua likiwa limepanda. Mzee Lomuria na kigoda chake mkononi, kile kidogo cha mti ambacho wazee wetu hawakiachi, Asekon mama yake Ekal na shanga zake zote, na Ekal nyuma yao, amechomekea shati. Mbuzi alikuwa kwenye moto. Mama Wanjala alikuja kunisaidia na chai. Lomuria akaweka kigoda, akakaa, akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Haya. Tumefika. Nani anafungua?"

"Lokwang," nikasema, na nikabonyeza.

Ndani, kimya. Kule nje, mbali, kitu kikakohoa. Halafu sauti ya mtu, kubwa, ikaanza kusema mambo ambayo sisi ndani tulipata mikia yake tu.

Lomuria akainua kichwa. "Nani huyo anaita nje?"

"Ndiye mzee wangu."

"Lokwang si alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa anafanya nini juu ya jiko?"

Nikainama kwenye mashine nikazungusha kifundo kuongeza, ili wazee wasikie. Mikia ikawa mikubwa kidogo, lakini maneno bado. Nikaongeza tena. Asekon akasema kwa upole, "Labda asogee karibu," nami nikaongeza tena. Na ndugu zangu, kila nilipoongeza kidogo kwa ajili ya wale waliokaa ndani, huko nje nilikuwa naongeza mtaa mwingine, sauti ikavuka nyumba za Mama Wanjala, ikavuka barabara, ikateremka mpaka mtoni Turkwel kwa watu wanaofua nguo, na mimi ndani nimekunja uso nauliza, "Sasa mnasikia?"

Marehemu alikuwa mtu wa maneno. Agata yenyewe inaanza katikati ya kanda, kabla ya hapo kuna kumuuliza Ewoi, "Imewaka? Hii kitu imewaka?" halafu kusalimia kila boma kwa jina, halafu habari za dume lake la rangi ya majivu, halafu kuwaambia watu wakae chini, wote wakae chini, wasisukumane. Alikuwa anawaambia wajukuu waliomzunguka siku ile. Lakini waliomsikia sasa hawakuwa wajukuu.

Mama Wanjala alitoka kuchota maji, akarudi na mtungi mtupu.

"Ata, hebu kuja uone."

"Ngoja, mzee hajafika kwa agata."

"Kuja uone, Ata."

Nikatoka. Kiwanja changu hakikuwepo. Palikuwa na watu tu. Wanawake wenye magunia, wenye mitungi ya plastiki ya mafuta, mmoja na wilbaro, na wengine walikuwa bado wanakuja mbio kutoka upande wa mto na nguo zilizolowa mabegani. Na wote walikuwa wamekaa kwa mistari, mizuri, imenyooka, kama tulivyofundishwa kukaa siku za msaada, kwa sababu sauti iliwaambia wakae. Mbele kabisa alikuwa Amoni, tunayesuka naye vikapu.

"Ejok, Ata," akasema. "Ni mahindi au ni maharagwe?"

"Amoni, hakuna mahindi! Huyo ni Lokwang!"

"Anagombea kiti gani?"

"Lokwang wangu! Amekufa!"

Amoni akamgeukia jirani yake. "Ameanza kuficha. Ata mzima, naye ameanza." Maneno yakatembea nyuma mstari kwa mstari, wanasema chakula kimefichwa kwa nyumba ya Ata, na harufu ya mbuzi wangu, ambayo ilikuwa inatoka jikoni tamu kabisa, haikunisaidia. Mzee mmoja nisiyemjua (ndiye pekee siku ile nisiyemjua jina, baadaye nikaambiwa anaitwa Apetet) aliuliza mheshimiwa mwenyewe atashuka saa ngapi kutoka kwenye paa.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga kizingiti. Lomuria alikuwa amesimama mlangoni anaangalia mistari. Akaangalia magunia. Akaangalia tena mistari, kwa utaratibu, kama mtu anayeangalia mifugo ya mwenzake, na uso wake ukaanza kufunga.

"Hawa wote," akasema, "ni watu wa msichana?"

Hapo ndipo nilipoelewa anawaza nini. Mahari kwetu hailiwi na mtu mmoja, wanakula baba wadogo, wajomba, shangazi, kila mwenye damu ana mnyama wake. Na sasa mzee wa watu ametoka nje amekuta Lodwar nusu imekaa kwa mistari, na vyombo mkononi, inangoja.

"Hapana, Mzee, hawa wamekuja tu."

"Wamekuja tu. Na magunia."

"Wanadhani ni mahindi."

"Nani aliwaita?"

Ukweli ulikuwa ni Lokwang, na Lokwang amekufa, tulishapita hapo.

"Mama," Lomuria akasema, na hakupandisha sauti, afadhali angepandisha, "sisi tulileta maneno ya nyumba moja. Ngamia wangu hawatoshi watu hawa. Hata ngamia wa Turkana nzima hawatoshi." Akaingia ndani, akainama, akaokota kigoda chake.

Mzee akiokota kigoda, maneno yamekwisha. Asekon akashika shanga zake. Ekal akasema, "Baba, tafadhali," akanyamazishwa kwa jicho. Na Akiru alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, hakulia, afadhali angelia, alinitazama tu kwa yale macho ya mama yake Nakwawi, na mimi nikajua nimemharibia kwa mkono wangu.

Nikakimbilia mashine niizime. Vifundo vyote vilikuwa sura moja. Nikazungusha kimoja, Lokwang akawa na sauti ya nyuki. Nikazungusha kingine, akawa ng'ombe. Cha tatu ndicho kile cha nguvu, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikakipeleka upande usio wake, mpaka mwisho, na wakati huo huo kanda ikafika pale.

"MABAYA YAONDOKE!" paa la jiko likasema.

Sasa, wasomaji wangu, kuna mambo mtu wa Turkana hawezi. Hawezi kusikia agata na kukaa kimya. Hata awe na njaa, hata awe na hasira, mdomo unajibu wenyewe.

"YAMEONDOKA!" kiwanja kizima kikajibu.

"MAGONJWA YAENDE NA JUA!"

"YAMEENDA!"

"MVUA IJE!"

"IMEKUJA!"

Sufuria zilitetemeka. Mama Wanjala, mtu wa Bungoma ambaye haelewi hata neno, alikuwa anajibu "Amina!" Na Lomuria alikuwa amefika mlangoni, kigoda mkononi, mguu mmoja nje, akakwama. Nani anaondoka katikati ya baraka? Ukitoka hapo umetoka pamoja na mabaya yanayofukuzwa. Akajaribu kufunga mdomo, ukamshinda, akajibu na wengine.

Na Lokwang akaita mbuzi, wakajibu, akaita ngamia, wakajibu, akaita maziwa, mpaka akafika pale nilipokuwa napangoja maisha yangu yote. "Na huyu Akiru," akasema, "kule anakokwenda..."

Hapo yale mawe niliyoyaanika juani yakakumbuka uzee wao. "Kuuule... anaaakooo..." Sauti ya mume wangu ikaanza kulala, ikateremka, ikawa nzito kama ngamia anayepiga magoti, halafu ikanyamaza.

Kimya. Kimya kibaya sana. Watu wote wale, midomo wazi, wanangoja neno la kujibu, na agata imebaki imefunguka kama boma la usiku lisilofungwa mlango. Na jina lililobaki nje ya mlango ni la Akiru. Nilipiga ile redio kofi. Niliipiga tena. Mimi mwanamke siwezi kumalizia, na mwanamume mwenye umri ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja.

Lomuria aliangalia paa la jiko kwa muda, kama anangoja Lokwang aseme samahani. Akamwangalia Akiru na mwiko wake. Halafu akaguna, akageuka kuwakabili watu, akainua fimbo.

"Kule anakokwenda apate maji!" akaita.

"Amepata!"

"Azae, asizike!"

"Amezaa!"

"Nyumba aliyotoka isikauke!"

"Haijakauka!"

Aliimaliza yote, vizuri, bila haraka, na alipomaliza alisimama hapo ametoka jasho. Nadhani ndipo alipogundua alichofanya, maana mzee hawezi kubariki nyumba kwa mdomo wake mwenyewe halafu akaikimbia. Akarudi ndani, akaweka kigoda chini, akakaa.

"Lokwang," akaiambia hewa, "ulikuwa mjanja ukiwa hai, na bado hujaacha." Halafu akanigeukia mimi: "Mama, tuongee. Lakini kwanza hesabu damu ya msichana kwa majina, nisikie, na yule wa wilbaro asiwemo."

Majina nayajua yote, nikamtajia. Wa wilbaro hakuwemo.

Aibu haikuishia hapo, kwa sababu aliyejibu agata yako humwachi aende mdomo mkavu. Mbuzi wa wageni akakatwa vipande vidogo kama ukucha, akaenda mstari kwa mstari, Amoni akigawa kama ndiye mkubwa wa msaada, na wakwe zangu kutoka Lopur, waliosafiri na shanga zao, wakanywa mchuzi. Asekon aliniambia mchuzi ulikuwa mzuri. Mungu ambariki kwa uongo huo.

Akiru aliolewa. Yuko Lopur, ana mtoto wa kiume anaitwa Lokwang, anapiga kelele kuliko honi. Lomuria nikienda kumsalimia hanikaribishi mpaka aniulize, "Umekuja peke yako, au na mzee wako yuko juu ya paa?"

Mashine niliirudisha Kakuma. Deng aliponiona nashuka na mzigo alisema tu, "Haboba, dume amerudi," akanitolea ile ndogo na maboksi yake mawili, na mimi safari hii sikuinyanyua. Maboksi yako juu ya viti vigumu, hayagusi ukuta, nyaya nimekaza kwa meno, na mawe nanunua mapya. Wati ni nini mpaka leo sijui. Nimeapa tu kwamba kitu chenye kuongea sitakichagua tena kwa uzito, nitakaa chini nikisikilize kwanza, na muuzaji akiniambia "si ya wewe" nitamuuliza kwa nini, na nitangoja jibu.

Wakati mwingine jioni, kazi zikiisha, naiweka ile kanda, chini chini. Anakohoa kwanza, hapo karibu na kiti. Halafu anaita mabaya yaondoke, na mimi namjibu peke yangu, yameondoka. Lakini kabla ya kujibu naangalia mlangoni, kama hakuna mtu amekuja na gunia.